Jina la Kijapani la Bi Kheiria

Aliya ndiye aliyeileta khabari ya nyumba ya Matrah. Alirudi kutoka kazini baada ya adhuhuri, akavua baibui lake, na kabla hata hajanawa mikono akasema:

"Mama, kuna bibi mmoja Matrah ana chumba kizima cha vitu vya Kijapani. Nguo, vitana, kinanda, mpaka nywele za bandia. Vitu vya wale wanawake wao wanaoitwa geisha, wanaoimba na kucheza mbele ya wageni. Kila Alkhamisi hukifungua, wanawake wakaenda kutazama. Kama makumbusho."

Kheiria alikuwa akikaanga samaki. Hakugeuka. Alikipindua kipande kimoja mara mbili tatu katika mafuta, ingawa kilikuwa kimeshaiva, kisha akauliza, "Nani kakwambia?"

"Mwenzangu ofisini. Yeye keshakwenda. Anasema ukiingia mle unasahau kama uko Matrah."

Juu ya mkeka, kando ya mlango, Bi Masouda alikuwa akichambua mchele. Macho yake yalikuwa yameshakufa na alikuwa akichambua kwa vidole tu, akiyasikia mawe madogo na kuyatupa uani. Vidole vilisita kidogo, kisha vikaendelea.

Ilikuwa Disemba ya mwaka 1970. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu wanawake hawa watatu wafike Muscat: Kheiria, binti yake Aliya, na Bi Masouda, shangazi aliyemlea Kheiria tangu udogo wake. Walitoka Unguja mwaka 1964 na masanduku mawili, wakakaa Dubai miaka sita, na mume wa Kheiria akafia huko huko. Serikali mpya ya Muscat ilipoanza kuwaita watu wake warejee, Aliya aliandika barua, akapata kazi ya kupiga taipu katika idara moja. Wakapanga vyumba viwili Sidab, kijiji cha wavuvi nyuma ya mlima, kwa sababu mjini vyumba vilikuwa havipatikani. Majirani waliwapokea vyema, wakawaletea tende na halua. Hata hivyo wenyeji waliwaita "watu wa Zinjibar", kama vile Unguja walivyokuwa wakiitwa Wamanga.

Kheiria peke yake alikuwa mgeni hata miongoni mwa wageni. Uso wake ulikuwa mpana na mweupe, macho yake membamba yaliyovutwa pembeni, na nywele zake nyeusi nzito zilinyooka hata Unguja kwenye joto na jasho. Alipokuwa mtoto wenzake walimwita Mchina. Hakuwa Mchina. Mama yake alikuwa Mjapani.

Baba yake, Thani, karani wa forodha, hakupata kulizungumza jambo hilo mpaka alipokufa. Alichokijua Kheiria alikipata kwa shangazi yake. Kila alipomlilia mama, Bi Masouda alimpakata na kumwambia kwamba mama yake alikuwa bibi mkubwa huko kwao. Kwamba alikuwa akivaa hariri kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu, na akiimba, na akipiga kinanda mbele ya masultani wa Kijapani. Kwamba alikuja Unguja kutembea, akampenda Thani, akamzaa Kheiria, kisha ndugu zake wakaja kumchukua kwa meli. Kheiria alikuwa na umri wa miaka sita wakati huo. Sasa alikuwa na miaka arubaini na tisa, na hadithi ile alikuwa akiijua kama anavyoijua Fatiha.

Kitu kimoja alikuwa nacho ambacho hakukipata kwa mtu. Lilikuwa jina. Alikumbuka mkono uliomshika kidevu, harufu ya sabuni, na sauti ya mwanamke ikimwita jina ambalo hakuna mwengine aliyemwita tena. Jina hilo hakumwambia mumewe wala binti yake. Mara nyengine, akiwa peke yake jikoni, alijiita mwenyewe kwa sauti ndogo, asije akalisahau.

"Tutakwenda?" Aliya aliuliza.

"Nnaona baridi kidogo," alisema Kheiria. "Labda siku nyengine."

Lakini Jumatano alipiga pasi gauni lake la kijani, na Aliya akalitazama lile gauni lililotundikwa. Alkhamisi baada ya chakula, Kheiria aliinama mbele ya shangazi yake amuage.

"Twende pamoja, Shangazi. Tutakushika mkono."

"Mie sioni. Nikatazame nini?" Bi Masouda alimpapasa mpaka akaupata mkono wake. "Na wewe usende, Kheiria. Vitu vya watu wale wewe vinakukhusu nini?"

"Vinanikhusu zaidi kuliko vya mtu yeyote hapa."

Bi Masouda aliuachia mkono.

Mama na binti wakaifuata njia ya mlimani mpaka mjini, na nje ya lango kubwa wakapata pikapu iliyokuwa ikenda Matrah. Walikaa nyuma juu ya magunia ya mchele, wakifunika pua kwa vumbi. Aliya alijaribu mara mbili kumchekesha mama yake, akaona haiwezekani.

Nyumba ilikuwa katika kichochoro nyuma ya soko, yenye mlango wa buluu uliochakaa. Aliyewafungulia alikuwa bibi mfupi wa miaka kama sitini, mwenye miwani minene na leso kichwani. Aliwakaribisha kwa Kiarabu, lakini alipomsikia Aliya akimwambia mama yake "angalia kizingiti", alipiga makofi.

"Waswahili! Karibuni, karibuni. Mie Hamdiya, nimezaliwa Unguja, Mkunazini. Hapa nnaongea Kiarabu mpaka taya zinaniuma. Ingieni jamani."

Aliwapa kahawa kwanza, na huku wakinywa akawaeleza. Mumewe, marehemu Marhoon, alikuwa wakala wa nguo. Mwaka 1931 alimwoa na kwenda naye Kobe, mji wa bandari wa Japani, wakakaa huko miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kukagua khanga zilizokuwa zikichapwa kule kwa ajili ya Unguja na Mombasa.

"Wajapani walikuwa wakikosea majina ya khanga," alisema akicheka. "Neno moja likigeuka, khanga nzima inakuwa matusi. Marhoon alikuwa akikaa na taa na kusoma herufi moja moja."

Kisha akavuta funguo shingoni mwake, akawapandisha ngazi.

Chumba kilikuwa kirefu, madirisha yake yamefunikwa vitambaa vyeupe ili jua lisiviunguze vitu. Katikati, juu ya mti wenye umbo la msalaba, lilikuwa limetandazwa joho la hariri la rangi ya bahari ya asubuhi, limetariziwa korongo weupe, na mikono yake mirefu ilikaribia kugusa sakafu. Kando yake ulining'inia mshipi mpana kama mkeka wa kusalia, uliofumwa kwa uzi wa dhahabu. Kulikuwa na viatu vya mbao vyenye visigino virefu mbele na nyuma, na kisanduku cha poda nyeupe. Kulikuwa na vitana vya gamba la kobe na pini zenye maua ya kitambaa yaliyoning'inia. Ukutani palikuwa na picha moja tu kubwa. Ilikuwa ya mwanamke aliyepiga magoti amegeukia pembeni, shingo yake imepakwa nyeupe isipokuwa ncha mbili za ngozi zilizoachwa nyuma, chini ya nywele.

Kheiria alisimama mlangoni.

"Tazameni bila khofu," alisema Bi Hamdiya. "Geisha ni mtu wa sanaa. Anaingizwa chuoni angali mdogo, anafundishwa kuimba, kucheza, kupiga ala, hata namna ya kufungua mlango na kumimina kinywaji. Miaka mingi. Huu hapa mto wake." Aliwaonyesha kipande cha mbao chenye kimto kidogo juu yake. "Anaweka shingo hapa, si kichwa, ili nywele zisiharibike. Akigeuka usingizini anaanguka. Basi wanajifunza kulala wasigeuke."

"Maskini," alisema Aliya.

"Maskini, naam. Lakini mtu akimwona kwenye mkeka wake, anausahau umaskini wake."

Kheiria alikuwa amefika kwenye lile joho. Aliinua kidole, akakirudisha.

"Liguse," alisema Bi Hamdiya. "Mie si serikali."

Alikigusa kitambaa. Kilikuwa baridi, na kizito kuliko alivyotazamia. Alifumba macho. Aliuona uso wa mama yake, uso ambao kwa kweli hakuwa akiukumbuka, ukitokeza juu ya kola ya hariri ile, mweupe, umeinama, unacheka.

"Na hiki?" aliuliza. Alikuwa akionyesha kinanda chenye shingo ndefu na nyuzi tatu, tumbo lake dogo la mraba limewambwa ngozi.

"Wanakiita shamisen. Ngozi ya paka hiyo. Ngojeni mukisikie."

Bi Hamdiya alikwenda pembeni, akalizungusha gramafoni la zamani. "Enzi za sultani wa zamani hatukuthubutu kuipiga; nyimbo zilikuwa kosa. Marhoon alikuwa akitia blangeti mlangoni, anaipiga kwa sauti ya mbu." Aliweka sindano. "Wenye viwanda vya Kyoto walikuwa wakimwalika mara moja kwa mwaka, na huko alimsikia geisha mmoja akiimba. Hakumgusa hata mkono. Lakini tuliporudi akawa anaagiza vitu, kimoja kimoja, kwa kila meli. Mie nimelala ubavuni mwake miaka thelathini na saba, na sikupata kumwona akinisikiliza mie kama alivyokuwa akiisikiliza sahani hii." Aliyasema hayo bila uchungu, akipangusa vumbi kwenye kifuniko. "Alipokufa nikasema, basi, na watu wakione alichokipenda."

Sahani ilikoroma, kisha nyuzi zikalia, moja moja, kama matone kwenye beseni. Sauti ya mwanamke ikapanda juu yake, nyembamba, ikikatika na kurudi. Aliya aliona ni ya ajabu na akajizuia asicheke. Alipomgeukia mama yake, alikuta machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Naikumbuka," alisema Kheiria. "Wallahi naikumbuka. Alikuwa akiimba hivi."

Bi Hamdiya alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Aliyaangalia macho yake na zile nywele zilizotokeza kwenye ukaya. Akaiondoa sindano.

"Mama yako?"

"Mama yangu alikuwa Mjapani. Alikuwa mmoja wa hawa. Alinizaa Unguja." Maneno yalikuwa yakimtoka mbio, kama mtu aliyefunguliwa. "Hata mie nnalo jina la Kijapani, alinipa mwenyewe. Sijamwambia mtu."

"Mama!" alisema Aliya. "Hujapata kuniambia."

"Nakwambia sasa. Aliniita Sugukaeruken."

Bi Hamdiya aliivua miwani yake. "Sema tena."

"Sugukaeruken."

Yule bibi aliketi juu ya kisanduku. Aliifuta miwani kwa ncha ya leso, ingawa ilikuwa safi.

"Bi Kheiria, ningeweza kukwambia ni jina zuri, ukaenda zako umefurahi. Lakini utakuja kulisema mbele ya Mjapani siku moja. Siku hizi meli zao zinakuja kuchukua mafuta hapo Mina al Fahal. Afadhali ulisikie kwangu. Hilo si jina."

"Ni nini?"

"Ni maneno. *Sugu* ni sasa hivi. *Kaeru* ni kurudi. Ni kama kusema, 'Narudi sasa hivi.'"

Nje muuza maji alikuwa akipiga kelele kichochoroni. Kheiria alisimama wima.

"Na *ken*?"

"*Ken* ndiyo inayonihuzunisha. Watu wa Kobe na Kyoto hawasemi hivyo. Jirani yetu alikuwa na mtumishi aliyetoka visiwa vya kusini mbali, watu mafukara sana, na kila neno lake lilikuwa likiishia *ken*, *ken*. Wenziwe wakimcheka. Huyo ndiye aliyenieleza khabari ya dada zake. Wasichana wa huko waliuzwa na wazee wao kwa njaa, wakapakiwa melini, wakapelekwa Singapuri, Bombay, mpaka Unguja, kwenye nyumba za mabaharia. Geisha wa Kyoto hatoki Kyoto, Bi Kheiria. Waliofika Unguja hawakuwa hawa."

"Unamtukana mama yangu."

"Simtukani. Mungu shahidi, simtukani."

Kheiria alijifunika ukaya, akashuka ngazi bila kuaga. Aliya alibaki kidogo akiomba radhi, na Bi Hamdiya akamshika mabega: "Mfuate mama yako. Mfuate."

Walipofika Sidab, Bi Masouda alikuwa bado pale pale mkekani. Alizijua hatua za Kheiria, na akajua pia kwamba hazikuwa za kawaida. Kheiria hakuvua baibui.

"Shangazi, mama yangu alikuwa akifanya kazi gani?"

"Umeshaanza."

"Nakuuliza. Alikuwa katika nyumba ya mabaharia?"

Aliya alijikunyata mlangoni. Bi Masouda aliusukuma ungo pembeni.

"Kaa kitako," alisema.

"Nimesimama hivi hivi."

"Basi simama. Alikuwa akiitwa Otaki. Nyumba yenyewe ilikuwa Malindi, karibu na bandari, mwenyewe Mjapani mmoja mnene. Hakuwa na hariri. Alikuwa na kanzu mbili za kitambaa cha bei nafuu, na mchana akifua nguo za mabaharia, ndiyo ile harufu ya sabuni uliyokuwa ukiisema utotoni. Hakupata kushika kinanda maishani mwake. Baba yako alimjua huko. Ulipozaliwa, Thani hakukukana, hilo nalishuhudia. Lakini nyumba ile haikuwa pahala pa mtoto, basi Otaki akawa anakuleta kwangu kila siku kabla ya Magharibi. Anakuweka barazani, anakushika kidevu, anasema maneno yake, anakwenda. Asubuhi jua likichomoza anarudi. Siku zote anarudi. Nampa chai na vitumbua, na yeye anasinzia amekupakata, kikombe mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kinachekesha. 'Mimi lala dogo, Masouda.'" Bi Masouda alitaka kucheka, ikashindikana. "Nilikuwa nikimpenda, Kheiria. Usidhani sikumpenda."

"Akaniacha."

"Hakukuacha."

Aliya alisogea karibu. Bi Masouda alikuwa akizungumza na sakafu.

"Yule mwenye nyumba alifilisika. Wanawake wakaambiwa meli inaondoka Jumatatu, wote wanarejeshwa kwao. Otaki alikuja akaniambia atakuchukua. Alikuwa ameshakushonea kikoti cha baridi. Nikamwambia Thani. Thani akasema damu yake haiwezi kwenda kuishi ukafirini, akaniamrisha nikuondoe. Lakini hata asingeniamrisha… Mie sikujaaliwa mtoto. Miaka sita ulikuwa ukilala kifuani kwangu. Ijumaa ile Otaki alikuleta kama kawaida, akasema maneno yake, akenda zake. Hajafika mwisho wa mtaa, nikakubeba kwenye gari la punda mpaka shamba, Bumbwini. Tulikaa siku nne."

"Shamba," alisema Kheiria polepole. "Nalikumbuka. Ulinipa fenesi zima peke yangu. Nilifurahi."

"Ulifurahi sana."

"Na yeye?"

"Majirani waliniambia baadaye. Alikuja asubuhi ya Jumamosi kama siku zote. Aligonga, akakaa barazani. Alikaa siku mbili na kile kikoti mapajani. Watu walimpa maji. Jumatatu walikuja watu wawili wa melini wakamwinua."

Kheiria alivua baibui, akalikunja, akaliweka juu ya sanduku. Kisha akaingia chumba cha ndani na kulala ameelekea ukuta. Aliya alipomfuata, alimkuta macho wazi, hana machozi.

"Alirudi," alisema. "Miaka arubaini na tatu nzima nimekaa nikimdhani bibi wa hariri aliyechoka nami. Kumbe alirudi."

Siku zilizofuata alifanya kila kilichompasa. Alimpikia Bi Masouda uji, akamtandikia, akampeleka msalani. Hakumsemesha. Bi Masouda naye hakulalamika. Alikula alichopewa na kusema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Aliya alikuwa akirudi kazini na kuikuta nyumba imenyamaza kama yenye mgonjwa.

Ijumaa ya pili ilikuwa siku ya kumwosha Bi Masouda nywele. Kheiria alimkalisha kwenye kibao uani, akamfungua misuko miwili iliyobaki myembamba kama uzi, akaanza kummwagia maji ya vuguvugu.

"Ungeniambia nilipokuwa na mimba ya Aliya," alisema ghafla. "Ningekufahamu wakati ule."

"Nilikhofu utakwenda kumtafuta."

"Nende wapi? Nilikuwa na mama gani mwengine mbali na wewe?"

Kichwa cha Bi Masouda kilianza kutetemeka chini ya mikono yake. "Nisamehe, mwanangu. Usiniache niende kaburini nalo."

Kheiria aliyashikilia maji katika kata, hayamwagiki.

"Bado sijaweza," alisema. "Nnajaribu. Inama mbele, sabuni isikuingie machoni."

"Macho yenyewe yako wapi?"

Wakacheka wote wawili kidogo, kicheko kibaya cha watu waliokwisha kulia, na Kheiria akammwagia maji mpaka yakatoka safi.

Alkhamisi iliyofuata alikwenda Matrah peke yake. Alifika mapema, kabla ya wageni. Bi Hamdiya alipomwona mlangoni alishika kifua.

"Sikulala, Bi Kheiria. Nilijilaumu."

"Mie ndiye niliyeondoka bila adabu. Niwie radhi."

Walikaa juu, chumbani, na Kheiria akamsimulia yote kama alivyoyapata kwa shangazi yake. Bi Hamdiya alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Mwishoni alisema, "Nnamjua mmoja anayefanya kazi na wale wa meli za mafuta. Tunaweza kupeleka barua."

"Kwa nani? Otaki, aliyekuwa Unguja? Jina la baba yake silijui, kisiwa chake sikijui. Hata kama yu hai, ni kikongwe sasa. Labda ana watoto wengine ambao hakupata kuwaambia khabari zangu." Kheiria alilitazama lile joho la hariri. Lilikuwa zuri vile vile. Hakuwa akilichukia. Aliliona kama mtu anavyoiona nyumba ya jirani aliyodhani kwa muda mrefu kuwa ni yake. "Nimekuja na haja nyengine. Nifundishe."

"Nikufundishe nini? Mie najua Kijapani cha sokoni tu. Bei, samaki, mvua inakuja."

"Hicho hicho. Cha hariri sikitaki."

Basi wakaanza. Maji. Wali. Samaki. Baridi. Mvua inakuja. Bi Hamdiya alikuwa akilitafuta kila neno huku amefumba macho, na baadhi yake yakimjia pamoja na mambo mengine: kibanda cha muuza tofi, theluji ya kwanza, Marhoon kijana akirudi na wino kwenye vidole. Kheiria aliyarudia. Mengine yalimwia mepesi mno, mengine yakagongana na meno yake. Alkhamisi ikafuatwa na Alkhamisi nyengine. Wageni walipokuja, alisaidia kuwagawia kahawa, na wakiuliza kuhusu geisha alimwachia Bi Hamdiya ajibu.

Mwisho wa Januari, wakiwa peke yao kabla ya Alasiri, aliuliza lile alilokuwa akilizungukia tangu mwanzo.

"Na mama? Wanamwitaje mama?"

Bi Hamdiya alikuwa akilingojea. "*Okasan*."

"Okasan," alisema Kheiria. Alilisema tena, akilegeza midomo, kisha kwa haraka, kama mtoto anayemkimbilia mtu. Akatikisa kichwa. "Silo. Hili ni refu. Sikuwahi kulisema hili."

"Hilo ni la watu wa mjini. Watu wa visiwani huenda wana lao. Kila pahala wana lao."

"Lipi?"

"Sijui, Bi Kheiria. Yule mtumishi nilikuwa nikimsikia akimtaja mama yake kila siku, akilia, na sikupata kusikiliza alikuwa akimwita nani."

Mlango wa chini ukagongwa. Wanawake watatu wa Wadi Kabir walikuwa wamekuja na watoto wao. Bi Hamdiya alijikongoja akashuka kuwafungulia. Kheiria alibaki katika mwanga mweupe wa vitambaa vya dirishani, akiijaribu sauti moja baada ya nyengine, *ka*, *kaka*, *kachan*, kwa midomo iliyofumbika nusu, na baada ya kila moja akinyamaza kidogo kusikiliza.